Bia Iliyotakata: Je, Itapata Gesi Ndani ya Chupa?

Nchini Uingereza, sharti la kuwa na leseni ya kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi ya mtu mwenyewe liliondolewa mwaka 1963. Tangu hapo bia ya shayiri imetengenezwa katika nyumba nyingi za nchi hiyo, na swali moja limeulizwa tena na tena. Bia ikikaa wiki kadhaa katika pipa hutulia. Hamira hushuka chini, na kinywaji hutakata. Je, bia hiyo ikitiwa katika chupa pamoja na sukari kidogo, itapata gesi? Au hamira yote imebaki katika mashapo?

Jibu kwa kifupi ni kwamba itapata. Hata hivyo, swali hili lina mafunzo ya baiolojia, kemia na fizikia, na ndani yake imo hatari ambayo jicho haliwezi kuiona.

HAMIRA ISIYOONEKANA

Hamira ni kiumbe hai wa jamii ya kuvu. Mwaka 1837 Mfaransa Cagniard-Latour alieleza, baada ya kuitazama kwa hadubini, kwamba hamira ni hai na huzaana. Louis Pasteur aliendeleza uchunguzi huo, na kitabu chake juu ya bia kilitolewa mwaka 1876.

Seli moja ya hamira ina kipenyo cha takriban milimita 0.005 hadi 0.010. Bia huonekana kuwa na ukungu kwa sababu seli hizo hutawanya mwanga. Zikipungua, mwanga hupita karibu wote, na mtazamaji hudhani kwamba hakuna kitu. Lakini mililita moja ikiwa na seli 100,000, kinywaji bado huonekana safi. Katika chupa ya nusu lita, hizo ni seli 50,000,000. Tena, zikipata sukari, virutubisho na oksijeni kidogo, huzaana. Kwa hiyo uchache wa hamira huchelewesha kazi tu. Kiasi cha gesi huamuliwa na sukari.

Yafaa kutofautisha bia iliyotakata kwa kutulia na ile iliyotakata kwa kuchujwa. Bia nyingi za viwandani huchujwa au kupashwa moto, kisha hutiwa gesi kwa mashine. Bia ya namna hiyo ikiongezwa sukari haitapata gesi zaidi, kwani hamira hai imeondolewa au imekufa. Bia iliyokaa miezi mingi nayo huweza kuwa na hamira iliyodhoofika, na hapo huongezwa hamira mpya kidogo.

HESABU YA GESI

Uchachukaji wa glukosi huandikwa hivi:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Gramu 180 za glukosi hutoa gramu 88 za kaboni dayoksaidi, yaani karibu nusu ya uzito wake. Basi gramu 6 za sukari katika lita moja hutoa takriban gramu 3 za gesi. Bia iliyochachuka katika nyuzi 20 za Sentigredi tayari ina takriban gramu 1.7 katika kila lita. Jumla ni gramu 4.7, kiasi kinachotosha.

Kanuni aliyoieleza William Henry mwaka 1803 husema kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kioevu hulingana na kanieneo la gesi hiyo juu yake. Katika nyuzi 20, kanieneo la angahewa 1 huyeyusha takriban gramu 1.7 katika lita. Kwa hiyo gramu 4.7 huhitaji karibu angahewa 2.8. Ndiyo maana kifuniko kinachovuja huiacha bia bila gesi, hata kama hamira imetimiza kazi yake. Baridi nayo huichelewesha hamira. Kwa kawaida chupa huachwa mahali penye nyuzi 18 hadi 25 kwa wiki mbili au zaidi.

KUTAKATA SI KUMALIZA

Sukari iliyoyeyuka haionekani. Zipo aina za hamira ambazo hushuka chini kabla ya kuimaliza, na bia ikatakata ingali na sukari. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Densiti ya bia ikiwa bado itashuka kutoka 1.016 hadi 1.012, takriban gramu 4 zaidi za gesi zitatoka katika kila lita. Zikijumlishwa na zile 4.7, kanieneo hufika karibu angahewa 5, na katika chumba chenye joto huzidi hapo. Chupa dhaifu hupasuka, na vipande vya kioo huweza kumpofusha mtu.

Kipimo cha kutegemewa ni haidromita. Usomaji wake usipobadilika kwa siku tatu mfululizo, na ukiwa karibu na ule uliotarajiwa, ndipo bia itiwe katika chupa nene, na sukari ipimwe kwa mizani.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili halihitaji bia. Yeyusha gramu 50 za sukari katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Tia kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate, funika kwa kitambaa safi, na ungoje siku kadhaa mpaka mapovu yakome na kioevu kitulie. Kisha tayarisha chupa tatu, kila moja na mililita 250:

A: kioevu cha juu kilichotakata.
B: kioevu kilichokorogwa pamoja na mashapo.
C: kioevu cha juu kilichochemshwa, kisha kupozwa.

Tia gramu 3 za sukari katika kila chupa. Usizibe kwa kifuniko. Vika puto mdomoni. Pima mzingo wa kila puto kwa uzi mara kwa mara, kwani mpira hupitisha gesi kidogo kidogo. Kioevu hiki kisinywewe.

Maswali
1. Puto lipi lilianza kuvimba kwanza, na kwa nini?
2. Puto la A lilivimba ingawa kioevu kilitakata. Eleza.
3. Kwa nini puto la C halikuvimba?
4. Kokotoa uzito wa gesi inayotarajiwa kutoka katika gramu 3 za sukari.