Somo la Makatibu na Wanachama: Bei Ikishuka Baada ya Kununua

Miongoni mwa mambo yaletayo manung'uniko katika vyama vya msingi ni bei kushuka baada ya mwanachama kwisha kununua. Mkulima wa Kasanga hulazimika kununua mbolea mapema, kwa kuwa mvua za Ufipa huanza mwezi wa Novemba na mahindi hayamngoji mtu. Ikiwa mwezi mmoja baadaye mfuko ule ule unauzwa kwa bei ndogo, yule aliyewahi hujiona ameadhibiwa kwa bidii yake. Huja kwa katibu na stakabadhi mkononi, akidai arudishiwe tofauti. Katibu asiyejua jibu huahidi asichoweza kutimiza, au humfukuza mwenye haki. Yote mawili hukidhoofisha chama.

Kununua si sawa na kukabidhi mazao

Wanachama wengi wameyazoea malipo ya awali na malipo ya pili ya mazao, na hudhani pembejeo nazo huenda vivyo hivyo. Sivyo. Mkulima anapokabidhi mazao ili chama kimwuzie, hesabu hubaki wazi mpaka mazao yauzwe, na kinachozidi baada ya gharama ni chake. Lakini anaponunua mfuko wa mbolea kwa bei iliyokubaliwa, mauzo yamekwisha. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa huwaachia muuzaji na mnunuzi kupatana bei, au kupatana njia ya kuipata bei hiyo. Wakishapatana, kushuka kwa bei sokoni peke yake hakumpi mnunuzi haki ya kurudishiwa fedha, kama vile kupanda kwake kusivyompa muuzaji haki ya kudai nyongeza.

Jambo la pili lisichanganywe na hilo. Mtu aliyetozwa zaidi ya bei elekezi iliyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea hadai kushuka kwa bei, bali analalamikia kutozwa kupita kiasi siku ile ile aliyonunua. Huyo aipeleke stakabadhi yake kwa afisa kilimo bila kuchelewa.

Hesabu ya mfano

Tuseme chama kimenunua mifuko 200 kwa shilingi 100,000 kila mmoja, jumla shilingi 20,000,000. Kila mfuko umeongezwa shilingi 4,000 za usafiri na ghala, ukauzwa kwa 104,000. Mifuko 120 imekwisha kuuzwa na 80 imebaki. Hapo msambazaji anashusha bei yake hadi 85,000.

Chama kikiiuza mifuko 80 kwa 85,000, kitapoteza shilingi 15,000 kwa kila mfuko, yaani 1,200,000, bila kuhesabu gharama za usafiri wake. Kamati ikiamua pia kuwarudishia wanunuzi wa mwanzo shilingi 15,000 kwa kila mfuko, itahitaji 1,800,000 nyingine. Jumla ni shilingi 3,000,000. Fedha hizo zitatoka wapi, ikiwa msambazaji hakurudisha chochote? Zitatoka katika akiba na hisa. Maana yake mwanachama atajilipa kwa fedha yake mwenyewe, na yule ambaye hakununua hata mfuko mmoja atamlipia jirani yake. Huo si msaada. Ni kukimeza chama kidogo kidogo.

Njia tatu zilizo halali

Ya kwanza ni mkataba. Kabla ya kuagiza, chama kimwombe msambazaji akubali kwa maandishi kwamba bei yake ikishuka katika siku zilizotajwa, tuseme siku 60 tangu kupokea mali, atapunguza deni la chama kwa kiasi cha tofauti. Maandishi yaseme wazi kama kinga hiyo ni ya mali iliyobaki ghalani tu, au na ile iliyokwisha kuuzwa kwa wanachama. Katika mfano wetu, kinga ya ghala peke yake ingeokoa shilingi 1,200,000. Kama ingehusu na mifuko iliyouzwa, kila mnunuzi angerudishiwa 15,000 kwa mfuko. Zile 4,000 hazirudi, maana gari lilikwisha kuipanda milima ya Ufipa na kulipwa.

Haki hiyo hulindwa na vitabu. Siku bei inaposhuka, katibu, mtunza ghala na mjumbe wa kamati wahesabu mali, waandike tarehe na kutia sahihi. Ankara, hati ya kupokelea mali, kadi ya ghala na daftari la wanunuzi viafikiane. Dai lipelekwe kwa barua kabla ya siku kwisha.

Ya pili ni kujiandikisha mapema. Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipokuwa imepanda sana, Serikali ilianzisha ruzuku kwa msimu wa 2022/23. Mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP, uliokuwa umepita shilingi 100,000, ukauzwa kwa shilingi 70,000. Punguzo lilipatikana wakati wa kununua, kwa namba ya mkulima aliyeandikishwa na kwa wakala aliyeandikishwa. Fundisho lake ni kwamba jina linalotakiwa daftarini huandikwa kabla ya siku ya kununua.

Ya tatu ni ya ushirika wenyewe. Mwaka 1844 wafumaji na wenzao wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao. Waliuza kwa bei ya kawaida ya soko, na ziada iliyopatikana waliwarudishia wanachama kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Chama chetu nacho, baada ya kutenga akiba kama sheria na masharti yanavyotaka, kinaweza kwa idhini ya mkutano mkuu kugawa ziada kwa kipimo hicho. Hapo aliyenunua mapema na aliyenunua mwisho hupata kwa haki, na hakuna atakayegusa hisa za mwenzake.

Kwa hiyo jibu la katibu kwa mwenye stakabadhi liwe moja: kwanza tuutazame mkataba, kisha daftari, kisha ziada ya mwaka. Kama havina kitu, aambiwe kweli, na mkutano ujao uagize mkataba bora. Mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Je, mkataba wa chama chetu na msambazaji unasema nini juu ya bei kushuka?

2. Chama cha wavuvi kimenunua nyavu 40 kwa shilingi 150,000 kila moja, 25 zimeuzwa. Bei ya msambazaji imeshuka hadi 130,000, na kinga ni ya mali iliyo ghalani tu. Chama kidai kiasi gani?

3. Je, daftari letu la wanunuzi lingekubaliwa kuwa ushahidi leo hii?