Anza na Bei ya Umeme: Kuchagua Mashine ya Kuchimba Bitcoin

Anayetaka kuchimba Bitcoin huanza kwa kuuliza mashine ipi ni nzuri. Swali hilo halijibiki mpaka ujue uniti moja ya umeme inakugharimu shilingi ngapi pale mashine itakapokaa. Mashine ile ile humlisha mtu mmoja na kumfilisi mwingine, na tofauti yao ni mita tu. Kwa hiyo kabla hujatazama matangazo ya wauzaji, chukua risiti yako ya LUKU au bili ya mwezi uliopita, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, kodi na tozo zote zikiwa ndani. Namba hiyo ndiyo utakayoishika mkononi mpaka mwisho wa ununuzi.

Nchini Tanzania, mteja wa TANESCO wa daraja la T1 hulipa karibu shilingi 356 kwa uniti. Daraja nafuu la D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, liondoe kichwani: mashine moja ya kisasa hula uniti 84 kwa siku.

Sasa tuje kwenye mashine. Bitcoin ilipoanza mwaka 2009 ilichimbwa kwa kompyuta ya kawaida, baadaye kwa kadi za grafiki. Tangu mwaka 2013 zilipotoka mashine za ASIC, ambazo chipu zake zimetengenezwa kwa kazi hiyo moja peke yake, kompyuta na kadi hazina nafasi tena kwenye Bitcoin. Mashine hizi hupimwa kwa terahashi. Terahashi moja ni makisio trilioni moja kwa sekunde, na wauzaji hupenda kuiandika namba hiyo kwa herufi kubwa. Wewe tafuta namba nyingine, ambayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo: jouli kwa terahashi, yaani umeme unaoliwa kwa kazi ile ile. Namba hiyo ikiwa ndogo, mashine ni bora. Antminer S9 ya mwaka 2016 hula jouli 98 hivi. S19 Pro ya mwaka 2020 hula 29.5. S21, iliyotangazwa mwaka 2023, hula 17.5. Mashine za Whatsminer za kampuni ya MicroBT hupimwa kwa kipimo hicho hicho, kwa hiyo unaweza kuzilinganisha bila kujali jina lililobandikwa ubavuni.

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Tangu malipo ya wachimbaji yalipokatwa nusu Aprili 2024, mtandao hutoa Bitcoin 3.125 kwa kila bloku, yaani kila baada ya dakika kumi hivi, sawa na 450 kwa siku. Wachimbaji wote duniani hugawana hizo kwa kadiri ya nguvu za mashine zao. Mwaka 2025 nguvu ya mtandao mzima ilivuka terahashi bilioni moja, basi tuichukue namba hiyo. Tuseme pia Bitcoin moja ni dola 100,000 na dola ni shilingi 2,500. Siku utakapofanya hesabu yako, weka bei za siku hiyo. Kwa namba hizi, kila terahashi moja inaingiza shilingi 112.50 kwa siku. Ada za miamala nimeziacha kwa kuwa mara nyingi ni ndogo.

S21 yenye terahashi 200 itaingiza shilingi 22,500 kwa siku. Itakula wati 3,500, yaani uniti 84. Gawanya: 22,500 kwa 84 ni shilingi 268. Hiyo naiita bei ya ukomo. Uniti ikikugharimu zaidi ya hapo, kila saa mashine inapowaka unalipia kuwepo kwake. Kwa mteja wa shilingi 356, umeme wa siku ni karibu 29,900, na hasara ni zaidi ya shilingi 7,000 kila siku, kabla hata ya kurudisha bei ya kuinunua. Fanya hivyo hivyo kwa S19 Pro yenye terahashi 110 na wati 3,250: bei yake ya ukomo ni shilingi 159. Kwa S9 ya terahashi 13.5 ni shilingi 48 tu.

Ukizitazama namba hizo tatu, utaelewa kwa nini mashine kuukuu hazitupwi, bali huhama. Huenda mahali umeme ulipo wa bei ya chini au ambapo ungepotea bure. Ethiopia iliwavuta wachimbaji kwa umeme wa maji wa takriban senti tatu za dola kwa uniti. Mashariki mwa Kongo, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuweka mashine ndani ya makontena kando ya kituo chake cha umeme wa maji cha Luviro. Nchini Kenya, kampuni ya Gridless huchimba kwa umeme wa ziada wa mitambo midogo ya vijijini, ule ambao wanakijiji hawajautumia. Mwenye mtambo mdogo wa maji Njombe au Mbinga, ambao usiku unazungusha umeme usio na mnunuzi, yuko mahali pazuri kuliko mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye mtaji mara kumi.

Na huyo mwenye mtambo hapaswi kukimbilia mashine mpya. Umeme ukiwa ghali, lipia ufanisi. Ukiwa wa bei ya chini, au ukipatikana saa chache tu kwa siku, lipia kidogo iwezekanavyo kwa kila terahashi. Mashine inayowaka saa kumi badala ya ishirini na nne itachukua zaidi ya mara mbili ya muda kurudisha bei yake, na S21 mpya inayolala mchana kutwa ni mtaji uliolala. Hapo S19 ya mtumba iliyo nzima ndiyo yenye akili.

Lakini mashine ya zamani ina hatari yake. Mtandao hujirekebisha ugumu kila baada ya bloku 2,016, takriban wiki mbili, na wachimbaji wakiongezeka fungu lako hupungua. Chukua umeme wa shilingi 100 kwa uniti. S19 Pro inabakiza shilingi 4,575 kwa siku, S21 inabakiza 14,100. Nguvu ya mtandao ikipanda kwa asilimia 10, faida ya S19 Pro inashuka kwa karibu robo, ya S21 kwa karibu sehemu moja ya saba. Tena malipo yatakatwa nusu nyingine mwaka 2028. Ninapopanga muda wa kurudisha mtaji, mashine ya mtumba naipa miezi kumi na miwili. Ikishindwa ndani ya hapo kwa hesabu ya leo, siinunui.

Umeme wa jua huulizwa sana. Uniti 84 kwa siku, kwa jua zuri la saa tano, zinataka paneli za karibu kilowati 17, kabla ya kuhesabu upotevu na betri. Kama paneli tayari zipo shuleni au kiwandani na umeme wa adhuhuri unabaki, sawa. Kuzinunua kwa ajili ya mashine moja ni kununua mzigo mkubwa kuliko punda.

Suala la nyumba yenyewe lisidharauliwe, kwa sababu linaweza kuua. Soketi yetu ya kawaida ni ya ampea 13, sawa na wati 2,990 kwenye volti 230. Mashine ya wati 3,500 huvuta ampea 15 mfululizo, usiku na mchana. Usiichomeke hapo, wala kwenye ekstensheni. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee laini ya peke yake kutoka kwenye bodi kuu, waya wa milimita 4 za mraba, breka yake na ethi iliyopimwa. Volti zikipanda na kushuka mtaani kwenu, weka kinga ya volti yenye uwezo wa kubeba mzigo huo wote. Ndogo ya friji itaungua.

Wati zote hizo hutoka zikiwa joto, na kelele hufikia desibeli 75. Chumba cha kulala hakifai, na jirani aliyepakana nawe ukuta kwa ukuta hatakuvumilia. Mashine inataka hewa iingie upande mmoja na kutoka mwingine bila kurudi. Dodoma na Shinyanga adui ni vumbi: weka chujio na lisafishwe mara kwa mara. Tanga, Mombasa na Zanzibar ni hewa ya chumvi, ambayo hula bodi taratibu. Ukinunua mtumba uliokaa pwani, fungua uone kutu kabla ya kulipa.

Kadi za grafiki nitazipitia haraka. Zilikuwa na maana mpaka tarehe 15 Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa. Ukiwa na kadi kwa ajili ya michezo au kazi za video, itumie kwa kazi hizo. Usinunue kwa ajili ya kuchimba. Sarafu ya Monero bado huchimbwa kwa prosesa ya kawaida, na ni njia nzuri ya kujifunza. Kuna pia vifaa vidogo vya Bitaxe, vinavyokula wati 17 hivi na kutoa terahashi 1.2. Ukichimba peke yako, kwa nguvu ya mtandao tuliyoitumia, wastani ni bloku moja kwa zaidi ya miaka 15,000. Mnunulie kijana anayependa elektroniki, na umwambie ukweli huo.

Ukishaamua, muombe muuzaji vitu vitatu kabla ya kutuma pesa: picha ya ukurasa wa mashine unaoonyesha bodi zote tatu zikifanya kazi, kumbukumbu ya mashine inayohesabu chipu za kila bodi (S19 Pro inapaswa kuonyesha 114, S9 ionyeshe 63), na grafu ya saa 24 kutoka kwenye kundi la wachimbaji alilojiunga nalo. Grafu ya dakika kumi haina maana, kwani bodi mbovu huanza vizuri ikiwa baridi. Akikataa kimoja kati ya hivyo, tafuta mwingine. Bei linganisha baada ya kujumlisha usafiri, ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya.

Mashine ikifika, usiiunganishe mara moja na pochi yako. Programu ya ndani inaweza kuwa imechezewa ili sehemu ya kazi yako iende kwa mtu mwingine. Pakua programu halisi kutoka kwa mtengenezaji, iweke upya, badilisha nywila iliyokuja nayo, kisha hakikisha anwani zote za malipo ni zako. Iache iwake siku nzima, ulinganishe terahashi zinazohesabiwa na kundi na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Soma pia mita ya umeme asubuhi na kesho yake saa ile ile. Kama uniti zilizotumika zimezidi ulizopiga kwenye hesabu, rudia mgawanyo ule wa mwanzo kwa namba mpya, siku hiyo hiyo, wakati muuzaji bado anapokea simu.