Minyoo ya Mashavuni: Kwa Mfugaji wa Samaki Kalenga

Perege wakianza kujikuna kwenye kingo za bwawa, au wakitweta juu ya maji alfajiri, wengi husema maji yameharibika. Huenda ni kweli. Lakini kamata mmoja, funua shavu uangalie ndani. Shavu la samaki mzima ni jekundu. Likiwa limepauka na kujaa utelezi, shuku minyoo bapa.

Mingi haifiki milimita moja. Afisa uvuvi ataithibitisha kwa hadubini. Huishi mashavuni, kwenye ngozi na mapezi, ikijishikiza kwa kulabu. Haihitaji konokono wala ndege: huhama kutoka samaki hadi samaki. Aina iitwayo Cichlidogyrus, ambayo hushambulia jamii ya perege na sato, hutaga mayai. Nyingine, Gyrodactylus, huzaa, tena mtoto huzaliwa akiwa na mimba tayari! Bwawa lenye samaki waliobanana huelemewa upesi.

Mara nyingi minyoo huja na vifaranga. Norwei ililetewa Gyrodactylus miaka ya 1970 na samaki wa kufugwa kutoka Uswidi. Baadaye ikabidi mito mizima itiwe sumu ili kuiangamiza minyoo hiyo. Kwa hiyo uliza vifaranga vimetoka wapi, na uvitenge wiki mbili kabla ya kuvichanganya na wengine. Unaweza kuviogesha kwenye chumvi, gramu 10 kwa lita moja ya maji, dakika zisizozidi 20, huku ukivitazama. Vikianza kulala ubavu, virudishe haraka kwenye maji safi.

Kipupwe cha Juni hadi Agosti kinataka uangalifu zaidi. Perege hupunguza kula na kinga yao hushuka, ilhali pumba zilizobaki huoza bwawani. Punguza chakula.

Usimwage dawa ya kuogeshea ng'ombe. Inaua samaki, na maji yakitiririka hadi Ruaha Mdogo yatawafikia wanaomwagilia bustani na kunywesha mifugo.

Je, samaki huyo analiwa? Ndiyo, minyoo hii haimwingii binadamu. Ule utepe mweupe ambao pengine umeuona tumboni mwa usipa wa Kyela ni ndugu mwingine wa minyoo hii, Ligula, ambaye hukomaa ndani ya ndege walao samaki. Toa matumbo, pika hadi aive.

Ukishavuna, kausha bwawa hadi tope lipasuke, mwaga chokaa, ndipo ujaze upya.