Kiarabu cha simu na ulimi wa mwalimu

Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye, kwa mapokezi ya Tirmidhi, akayamudu kabla ya nusu mwezi kupita. Basi anayeuliza kama kujifunza lugha ya wengine kuna faida ameshajibiwa. Suala la leo ni chombo.

Nasomesha Kibiti. Baadhi ya wanafunzi wangu hutoka vijiji vya delta, ambako kufika ni kwa boti na kungoja maji yajae. Mwalimu wa nahau hawampati kila wiki. Lakini simu wanazo, na tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 wameanza kuiuliza masomo. Mwanzoni nilikataza. Kisha kijana mmoja akanionyesha: aliandika "kataba al-waladu ad-darsa", akaelezwa kwa Kiswahili kwa nini mtoto ana dhumma na somo lina fat-ha. Akauliza mara kumi, haikuchoka. Mimi huchoka mara ya tatu, Allah anisamehe.

Lakini akili mnemba hii haijui Kiarabu kama mwanachuoni anavyokijua. Imelishwa maandishi mengi mno, ikajifunza kukisia neno gani hufuata lipi. Ndiyo maana sentensi zake za kawaida ni nzuri, na ndiyo maana ikikosa jambo hulibuni kwa ufasaha ule ule. Kijana yule yule aliniletea hadithi ya kusoma kwenye khutba, ina na namba ya Bukhari. Tukafungua kitabu: namba ile ina hadithi nyingine kabisa. Tukaitafuta kwa maneno yake, hatukuiona popote. Na siku hiyo ilikuwa Alkhamisi!

Jambo jingine ni ulimi. Sisi Waswahili tumezaliwa na maneno ya Kiarabu mdomoni, na hilo hutudanganya. Ajali kwetu ni gari kupinduka; kwa Mwarabu ajal ni muda uliowekwa. Hili simu hulieleza vizuri. Ila qalb ni moyo na kalb ni mbwa. 'Aliim kwa 'ayn ni mjuzi, aliim kwa hamza ni chenye kuumiza. Anayeandika kwa vidole hatakosea herufi hizo, lakini akifungua mdomo zote huwa moja.

Sasa tumekubaliana hivi. Nahau na msamiati waulize simu wakiwa huko kwao. Aya au hadithi yoyote ihakikiwe kitabuni kwanza. Na Jumamosi wanapovuka, simu zinabaki kwenye kikapu mlangoni, tunaanza na qaf.