Klachi za Volkswagen Ndogo: Springi za Koili na Springi ya Kiwambo

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Tabora. Reli ilifika mjini humo mwaka 1912, kisha motokaa zikafuata. Lakini nje ya barabara za lami mchanga wa Unyamwezi ungali ule ule. Gari linapohangaika mchangani, klachi ndiyo huteseka. Katika somo hili tutalinganisha klachi zilizotumika katika Volkswagen ndogo yenye umbo la kobe, ambayo toleo lake la 1200 lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962.

Kazi ya klachi

Klachi huunganisha injini na giaboksi kwa msuguano. Sahani yenye bitana pande zote mbili hubanwa kati ya flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwa injini, na bamba la kubania. Dereva akikanyaga pedali, sahani huwa huru. Momenti kubwa kabisa inayoweza kupitishwa ni:

M = 2 × k × F × r

ambapo 2 ni idadi ya nyuso, k ni kizigeu cha msuguano, F ni kani ya kubana, na r ni wastani wa nusu kipenyo cha bitana.

Ukubwa wa sahani

Injini ya 1200 ilitumia sahani ya milimita 180. Ile ya 1500 ilipewa ya milimita 200. Ikiwa k na F ni zile zile, na bitana imepanuka kwa uwiano huo huo, momenti huongezeka kwa 200/180, yapata asilimia 11. Wengi hudhani sababu ni eneo. Sivyo: eneo halimo katika kanuni yetu. Eneo husaidia kutawanya joto na kuchelewesha kulika; kinachoongeza momenti ni r.

Aina ya springi

Klachi za zamani hubanwa na springi kadhaa za koili, nazo hufuata kanuni ya Hooke. Tuseme springi imebanwa milimita 20 bitana ikiwa mpya. Bitana ikilika hata springi ikalegea milimita 2, F hupungua kwa sehemu moja ya kumi. Klachi huanza kuteleza, hupata joto, hulika zaidi, ikazidi kuteleza.

Springi ya kiwambo ni bamba moja la chuma lenye umbo la koni butu, lililochanwa vidole kuelekea katikati. Kani yake hupanda, kisha hushuka kadiri inavyozidi kubanwa. Kwa hiyo bitana inapolika, kani haipungui upesi. Aghalabu kwanza huongezeka kidogo. Tena pedali yake huwa nyepesi.

Hitimisho

Kwa njia za mchanga, kiwambo ndicho kifaacho. Hata hivyo, sahani ya milimita 200 hudai flaiwili iliyochongwa kwa kipimo chake. Wala hakuna klachi itakayodumu kwa dereva aliyezoea kuegemeza mguu juu ya pedali.

Zoezi

Klachi ya koili ina k = 0.3, F = niutoni 2500 na r = mita 0.08. Injini hutoa momenti ya niutoni-mita 110. Je, klachi itateleza ikiwa mpya? Na F ikipungua kwa sehemu moja ya kumi?