Somo: Mtambo wa Kutoboa Mwamba

Zamani handaki katika mwamba mgumu lilichimbwa kwa keekee na baruti: toboa, jaza, lipua, ngojea moshi utoke, zoa mawe. Njia hiyo ingalipo. Lakini mahali pengi sasa kazi hufanywa na mtambo mmoja mrefu kuliko uwanja wa mpira.

Mbele yake pana gurudumu la chuma, upana wake sawa na handaki lenyewe, lililopangwa visahani vigumu. Nyuma, viatu viwili vikubwa hubana kuta za kushoto na kulia ili mtambo usirudi. Ndipo jeki husukuma gurudumu huku likizunguka. Visahani havikati mwamba kama msumeno ukatavyo mbao. Huugandamiza mpaka ukapasuka baina ya sahani na sahani, vigae vikabanduka, vikazolewa na kupelekwa nyuma kwa mkanda. Wanaodhani mashine hujitosheleza wajue kuwa visahani huisha, na kimoja huzidi kilo 100. Fundi ndiye huingia mbele kukibadilisha.

Tutazame mlima Gotthard, Uswisi. Handaki la kwanza la reli, kilomita 15, lilichimbwa toka 1872 hadi 1882. Wachimbaji, wengi wao Waitalia, waligoma mwaka 1875 wakidai malipo na hewa safi. Wakapigwa risasi, wanne wakafa. Wengi waliugua safura, ile ile tunayoijua sisi wa mashambani, maana walifanya kazi bila viatu wala vyoo vya kufaa. Karibu watu 200 walikufa katika kazi hiyo. Handaki jipya, kilomita 57, lilifunguliwa mwaka 2016, zaidi ya nusu yake ikiwa imetobolewa kwa mitambo. Walikufa wafanyakazi 9. Mwamba ulifikia joto la nyuzi 45, lakini mahali pa kazi palipozwa hadi 28. Hayo hayakuletwa na chuma peke yake, sheria ilikuwapo.

Vumbi halijaondoka. Mwamba wenye silika ukisagwa hutoa vumbi laini lisiloonekana, ambalo hukaa mapafuni na kuyatia makovu. Ugonjwa huo hauponi. Kinga ni kunyunyiza maji, feni za kuvuta vumbi, na barakoa inayobana uso vizuri, kitambaa hakitoshi. Ni hivyo hivyo kwa wenzetu wa mashine za kokoto. Mashine mpya ikiletwa, sisi huuliza mshahara kwanza. Nani atapima vumbi, mara ngapi, na matokeo yataonyeshwa kwa nani, nayo yaandikwe katika mkataba kabla mtambo haujawashwa.