Jino Linapouma: Je, Ni Lazima Kupewa Antibayotiki?

Mkazi wa Kolero au Tawa anayeamshwa usiku na maumivu ya jino hufanya hesabu kabla ya kwenda kwa daktari: nauli, barabara ya milimani, siku ya kazi itakayopotea shambani. Mara nyingi hesabu hiyo huishia katika duka la dawa, kwa vidonge vichache vya amoksisilini na metronidazoli. Maumivu hutulia, naye huamini amepona.

Hajapona. Antibayotiki husafiri kwa njia ya damu, na kiini cha jino kilichokwisha kufa hakina tena mishipa hai ya kuifikisha dawa ndani. Vimelea hubaki humo, na maumivu hurudi baada ya wiki au miezi. Tiba yenyewe ni kazi ya mikono: kuziba jino, kusafisha mzizi, kutoa usaha au kung'oa.

Lawama si ya mgonjwa peke yake. Wapo madaktari wa meno, hata mabingwa, wanaoandika antibayotiki kwa mazoea baada ya kung'oa jino la mtu mwenye afya njema. Pengine foleni ni ndefu, pengine mgonjwa mwenyewe ameng'ang'ania asitoke mikono mitupu. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaoshauri kwamba, pale tiba ya jino inapopatikana, mtu mzima mwenye kinga nzuri ya mwili asipewe dawa hizi kwa maumivu ya kiini wala kwa jipu dogo lisiloenea.

Mwaka huohuo usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Tanzania ilikuwa imekwisha kuandaa mpango kazi wa kitaifa wa 2017 hadi 2022. Kwetu hofu ni ya karibu zaidi: amoksisilini hiyohiyo ndiyo anayopewa mtoto mwenye nimonia katika zahanati ya kijiji.

Dawa hizi zina mahali pake. Uvimbe unaoenea shavuni au shingoni, homa, kushindwa kufungua kinywa au kumeza mate ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo, wala asingoje gari la asubuhi. Naye mwenye vali bandia ya moyo amweleze daktari kabla jino halijaguswa, kwa kuwa yeye huhitaji kinga ya dawa kabla ya kung'olewa.